Tekken kwa anayeanza: vidole kwanza, kombo baadae

Utaratibu wa vibanda vya gemu vya huku Tanga unaujua, uwe Ngamiani, Makorora au Mikanjuni: mshindi anabaki na padi, aliyefungwa anatoa hela nyingine au anampisha mwenzie. Kwenye gemu za mpira sio kesi sana manake hata ukifungwa tano dakika zako umecheza zote, ila Tekken, gemu ya watu wawili kupigana, haina huruma, raundi inaisha hujakaa vizuri kwenye benchi, jero imekwenda na vijana nyuma yako wameshaanza "mtoe huyo, mtoe". Ndo maana wengi wanakimbilia kumchukua Eddy, yule mhusika wa mateke mengi, wanakandamiza mateke yote mawili huku wakiomba Mungu. Na inasaidia kweli siku za mwanzo, sikatai, ila siku ukikutana na mtu anayejua kubloki tu, kwisha habari yako.

Anayeanza akifungwa anadhani tatizo lake hajui zile kombo ndefu, yaani mapigo yanayofuatana adui asipate nafasi ya kujibu. Hapana bwana. Tatizo vidole havitii. Unataka ngumi linatoka teke, unataka kuinama unaruka, umepanga kubloki kumbe umeshabonyeza kitu zamani. Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuvifundisha vidole vitu vichache mpaka vitoke bila kufikiria, na vitoke ukiwa upande wowote wa skrini. Nitaongelea Tekken 7 zaidi kwa sababu ndo unayoikuta kwenye PS4 nyingi za vibandani, lakini mengi yanakubali kwenye Tekken 6 ya simu, hata Tekken 8 iliyotoka Januari 2024 kwa mwenye PS5 yake.

Kabla hujatoa hela kagua padi. Padi za kibandani zimeteseka, ule mpira wa chini ya vitufe umelegea mpaka ukibonyeza husikii kitu, mshale wa chini unagoma, analogi (kile kijiti cha kuzungusha) inajipeleka yenyewe upande mmoja. Muombe mwenye kibanda akufungulie sehemu ya mazoezi, washa ile orodha inayoonyesha pembeni ya skrini kila unachobonyeza, alafu gusa pole pole kila mshale na kila kitufe uone kinasoma. Kisha telezesha kidole gumba kutoka chini kwenda mbele: lazima uone chini, chini-mbele, mbele, vitatu vimefuatana. Ile ya katikati ikirukwa, basi aidha padi mbovu au kidole chako kinaruka, na kujua ni ipi mpe mwenzio ajaribu padi hiyohiyo. Akitoa yeye, shida ni yako, na ni habari njema manake ya kwako inatibika. Mie nashauri utumie mishale na sio analogi, analogi inakupa pembe ambazo hukuziomba.

Tv nayo iangalie. Gemu hii inakwenda kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde, ngumi ya haraka ya wahusika wengi inatoka kwenye fremu ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Sasa tv bapa ikichelewesha picha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hapo fremu 6 zimeliwa kabla jicho lako halijaona kitu. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu, utaona tofauti. Zile tv za chogo tulizokuwa tunazidharau hazikuwa na ugonjwa huu.

Vitufe ni vinne na kila kimoja ni kiungo cha mwili: boksi ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, iksi teke la kushoto, duara teke la kulia. Watu mtandaoni wanaviandika 1, 2, 3, 4 kwa mpangilio huo, na mie ntaandika hivyohivyo. "Mbele" ni kuelekea kwa adui siku zote, kwahiyo mkibadilishana pande, mbele yako nayo inageuka. Hapa ndo wanaponaswa wengi. Dogo anajua vitu vyake vyote akiwa kushoto, akirukwa akajikuta kulia anakuwa mtu mwingine kabisa. Kila zoezi ntakalolisema hapa lifanye pande zote mbili, na upande unaouchukia upe muda zaidi.

Mhusika chagua mmoja, ukae nae. Ukiniuliza mie ntakwambia Paul au Jin. Paul ana ile ngumi yake maarufu, chini, chini-mbele, mbele na 2, inakula damu nyingi sana na inakufundisha kutelezesha kidole vizuri. Ila ikiblokiwa Paul anabaki wazi kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, kwahiyo usiirushe kama salamu.

Sasa kitu cha kwanza kabisa ni kutobonyeza. Kwenye Tekken ukiwa umesimama hujagusa kitu, mhusika wako anabloki mwenyewe mapigo ya juu na ya kati. Jaribu, utashangaa. Mapigo yapo ya aina tatu: ya juu ambayo ukiinama yanapita hewani, ya kati ambayo yanampiga aliyeinama, na ya chini ambayo lazima uiname ndo uyabloki. Ya kati ndo yenye kuumiza, mengi ya chini yanakwangua tu damu kidogo kidogo, kwahiyo simama, usiwe mtu wa kuinamainama kwa wasiwasi. Kubali kukwanguliwa. Isipokuwa yale ya chini makubwa yanayokuja taratibu, kama lile teke la Bryan la kufagia, hilo unaliona kabisa linakuja, unainama, unabloki, na baada ya hapo amekwisha, mpige unavyotaka.

Zoezi lake ni jepesi na halina raha: cheza raundi nzima bila kupiga hata pigo moja, kazi yako kubloki tu na kuhesabu kichwani ni wapi jamaa anaacha mwanya. Utafungwa, ndio. Kwahiyo usifanye hili jioni watu wamejaa, nenda asubuhi kibanda kikiwa kitupu, au kamata mshkaji anayekubali mcheze bila ushindani.

Baada ya kujua kubloki, jifunze kuadhibu. Kila pigo likiblokiwa mpigaji anachelewa kidogo kurudi sawa, akichelewa fremu 10 au zaidi ngumi yako ya haraka inamfikia kabla hajabloki. Kwa anayeanza adhabu moja inatosha: 1, 2, yaani boksi pembetatu haraka. Kwenye sehemu ya mazoezi ya Tekken 7 unaweza kumrekodi yule mpinzani wa mashine akarudia pigo unaloonewa nalo kila siku. Mwache akupige, bloki, papo hapo 1, 2. Akiibloki ngumi yako ujue aidha umechelewa au pigo lile ni salama, na njia ya kujua ni kurudia mara nyingi: ikiingia hata mara chache, basi inawezekana na wewe ndo mvivu wa kidole. Kama hakuna wa kukufungulia mazoezi, mwambie mshkaji "nipige hilohilo kila saa", kazi ileile.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza mtu anabonyeza 1 kabla hajamaliza kubloki, anakula pigo la pili la mchanganyiko. Eddy na Hwoarang wanaishi kwa kosa hilo, mateke yao yanafuatana na wewe unadhani yameisha. La pili anaadhibu kwa pigo zito la polepole kwa tamaa. Chukua kidogo cha uhakika bwana.

Kombo sasa, manake najua ndo ulichokuja kusoma. Kombo inaanza na pigo la kumnyanyua adui juu. Wahusika wengi wana teke la kuruka, juu-mbele na 4, Jin akiwemo. Likiingia adui yuko hewani, mguse na ngumi za haraka asidondoke, kuna pigo la kumzungusha ambalo kwenye Tekken 7 unalipata mara moja tu kwa kombo, alafu malizia na chochote kinachompeleka ukutani. Mwanzoni chukua mapigo matatu tu. Matatu! Nyanyua, gusa, malizia. Ukiyatoa kumi kwa kumi ukiwa kushoto na kumi kwa kumi ukiwa kulia, ongeza la nne. Kombo ya mapigo manane inayokutoka mara moja kwa jioni ni mapambo, hata haikusaidii siku ya mechi ya hela. Na teke hilo la Jin likiblokiwa unaadhibiwa, kwahiyo litumie kumuadhibu mwenzio aliyekosea vibaya, sio kuanzia ugomvi.

Kukamatwa, yaani adui kukushika na kukurusha, kunawatesa sana watu, hasa wakikutana na mtu anayemchezea King, mhusika wa mieleka. Angalia mikono, basi. Mkono wa kushoto ukitangulia bonyeza 1, wa kulia bonyeza 2, ikija yote miwili 1 na 2 pamoja. Kamata za kawaida kwenye Tekken 7 unachomoka kwa 1 au 2 yoyote, kwenye Tekken 6 lazima ulinganishe. Lile zungusho kubwa la King linatoka kwa 1. Na usisahau kwamba kamata nyingi za mtu aliyesimama ukiinama zinashika hewa. Mwambie mwenzio achanganye changanye kamata bila mpango, wewe taja kwa sauti "kushoto", "kulia", "miwili" kabla hujabonyeza chochote, jicho likizoea ndo ulete kidole.

Kutembea nako ni ufundi. Gusa juu au chini na uachie haraka, unahepa pembeni, ukishikilia unaruka au unainama. Kurudi nyuma haraka ni nyuma, nyuma, lakini ukirudia tu hivyohivyo mhusika anakwama, ndo maana Wakorea wakatuletea ile ya kukata: nyuma, nyuma, chini-nyuma, nyuma, chini-nyuma, nyuma. Ile chini-nyuma inakatisha hatua ya kwanza ili ya pili ianze mapema. Anza kwa mwendo wa kizee kabisa ukiangalia orodha ya pembeni, kidole gumba kitauma siku za mwanzo, pumzika, usikiforce.

Radi ya kina Mishima, ukoo wa kina Heihachi na Kazuya, ile ngumi yenye umeme wa buluu, najua unaitaka. Ni mbele, achia kabisa, chini, kisha chini-mbele na 2 kwenye fremu hiyohiyo moja. Ukichelewesha 2 kidogo tu inatoka ngumi ileile bila umeme, na tofauti ni kubwa, ya umeme ikiblokiwa upo salama, isiyo na umeme unaweza kuadhibiwa. Wengi wanakosea kwa kutoachia baada ya mbele, au wanaharakisha mwanzo na kuchelewa mwisho. Mie ningekwambia iache mpaka uwe unaadhibu vizuri, lakini najua hutonisikia, kwahiyo angalau igawanye: fanya mbele, achia, chini, chini-mbele bila ngumi mpaka itiririke, ndo uongeze 2.

Na usidhani kwa sababu tupo Tanga na tunacheza vibandani basi hatuwezi. Arslan Ash ametokea Lahore, Pakistan, kwenye kumbi za gemu za mtaani ambazo dunia ilikuwa haizijui, 2019 akachukua EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya Japani kisha mwaka huohuo akachukua EVO ya Las Vegas kwa kumfunga Knee wa Korea Kusini kwenye fainali. Kwao watu walikuwa wanakaa bega kwa bega wanachezana kila siku, kitu ambacho kibandani kwetu kipo tele.

Kama hela ya kibanda inabana, Tekken 6 ya PSP kwenye simu ina sehemu ya mazoezi pia, ila kugusa kioo hakufundishi vidole, unganisha padi ya bluetooth. Na ukicheza mechi kibandani muombe mtu aishike simu yako arekodi skrini. Usiku angalia raundi ulizofungwa tu, tafuta pigo moja lililokupiga zaidi ya mara tatu, lipe jina lolote, na kesho asubuhi kibanda kikifunguliwa hilo ndo la kwenda kurekodi kwenye mazoezi. Moja tu, mengine yasubiri.