Kupanga kazi na kupima muda kwa Super Productivity

Super Productivity ni programu ya bure inayotumika kwenye Windows, macOS na Linux. Haikudai usajili wowote, na data yako inabaki kwenye kompyuta yako. Sakinisha toleo la kompyuta, usitegemee lile la kwenye kivinjari: siku utakapofuta data za kivinjari, orodha nzima imekwenda na maji.

Ukishaifungua, bonyeza Shift+A. Kwenye kisanduku kinachotokea, andika kila kitu kwa mstari mmoja:

Rasimu ya ripoti 45m #ofisi

Kisha bonyeza Enter. Hiyo 45m ni makadirio ya dakika 45 (saa huandikwa kwa h, kama 2h), na #ofisi ni lebo ya kukusanyia kazi za aina moja. Makadirio usiyaruke. Bila hayo utajua umetumia muda gani, lakini hutajua ulijidanganya kwa kiasi gani.

Kazi inayozidi saa mbili ivunje. Ichague, bonyeza A, uandike kazi ndogo chini yake. Tangu hapo muda wa kazi mama ni jumla ya wanawe, kwa hiyo pima wale wadogo tu.

Kuanza kuhesabu, chagua kazi na ubonyeze Y. Ukiibonyeza tena, saa inasimama. Kazi ikiisha, D. Ukiona herufi y imejichapa kwenye jina la kazi badala ya saa kuanza, ujue bado uko ndani ya maandishi: toka kwa Esc, futa herufi, ujaribu tena.

Hesabu nyingi huharibikia hapa: usipogusa kibodi wala kipanya kwa dakika 5, programu inakuchukulia umeondoka. Ukirudi, dirisha linakuuliza muda huo uwekwe wapi. Wengi hubofya chochote ili liwapishe, na mwisho wa wiki dakika 40 za chakula zinaonekana kama kazi. Jibu papo hapo, maana baada ya saa moja hutakumbuka. Kama ulikuwa kwenye simu ya kikazi, upe muda huo kazi inayohusika. Kama ulipumzika, usiuingize. Anayesoma sana kwenye karatasi apandishe kiwango hicho cha dakika 5 kwenye mipangilio hadi dakika 10 au 15, la sivyo dirisha litamkera mpaka alizime kabisa.

Umesahau kuwasha saa? Fungua maelezo ya kazi, bofya sehemu ya muda, uandike mwenyewe, mfano 1h 20m. Fanya hivyo siku ileile.

Ukihitaji taarifa ya kumpa mteja, nenda kwenye kumbukumbu ya kazi, chagua wiki au mwezi, utoe faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye programu kama Excel). Hapo unaweza kuzungusha muda hadi robo saa, lakini angalia: kazi sita za dakika 5, kila moja ikipandishwa hadi robo saa, zinasomeka saa moja na nusu wakati ukweli ni nusu saa. Mteja makini atauliza.

Mara moja kwa wiki, toa nakala ya data yote kupitia mipangilio (ni faili la JSON) uiweke kwenye flashi, si kwenye diski ileile ya kompyuta.