Kutarizi waridi la Kimatyó kwenye kaniki

Wamatyó ni watu wa Mezőkövesd na vijiji viwili jirani, kaskazini mashariki mwa Hungaria. Aproni zao za sherehe ni nyeusi, na chini yake mawaridi yamebanana hadi huoni pa kuingiza kidole. Mwaka 2012 UNESCO iliutia utarizi huu kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hapa tutatarizi waridi moja tu na majani yake, la kutosha mto mdogo wa kochi.

1. Kitambaa

Nyeusi ndiyo inayolibeba waridi, kwa hiyo mimi hutumia kaniki. Ifue mara tatu kabla ya yote, maana inatoa rangi. Kisha ishikize juu ya kipande cha merikani kwa bandi, kwa sababu kaniki peke yake ni nyepesi na mshono mzito utaikunja.

2. Nyuzi

Nyekundu iliyoiva, pinki, njano, kijani, na buluu kidogo. Nyekundu iwe nyingi kuliko zote. Loweka kipande cha uzi mwekundu kwenye maji ya moto, kisha kiweke juu ya kitambaa cheupe uone kama kinatoa rangi. Niliwahi kuruka jambo hili, nikatarizi foronya nyeupe wiki tatu, na siku ya kuifua ikageuka pinki yote.

Zamani walitarizi kwa nyekundu na buluu tu, juu ya kitambaa walichofuma wenyewe nyumbani. Rangi nyingi zilikuja baadaye, nyuzi za kiwandani zilipofika. Watu hawa walikuwa vibarua wa mashambani, maskini kabisa, lakini kwa kujipamba hawakuwa na mchezo. Msemo wao wenyewe unasema tumbo na lingurume, mradi mtu ang'ae. Mwaka 1925, Jumatano ya Majivu, mapambo yao ya kumetameta yalichomwa moto hadharani kwa kuwa yalikuwa yanawafilisi. Utarizi wa nyuzi ukabaki.

3. Kuchora

Usikimbilie kunakili picha kwa kaboni. Kule kuchora ni kazi ya mtu maalumu, *íróasszony*, yaani "mama mwandishi", anayechora kwa mkono moja kwa moja kwenye nguo, kama mchora hina anavyouchora mkono wa bibi harusi. Aliyejulikana kuliko wote ni Kis Jankó Bori (1876–1954), na nyumba yake Mezőkövesd sasa ni makumbusho.

Chukua kipande cha sabuni kilichokauka, kile cha mafundi cherehani. Zungushia kikombe cha kahawa upate duara la nje, kisha katikati zungushia sarafu. Kati ya maduara hayo panga petali za mviringo safu mbili, zipishane kama magamba ya samaki. Zikiwa na ukubwa tofauti kidogo, ziache. Jaza pembeni kwa majani na vichipukizi.

4. Kujaza

Hapa ndipo penye kazi. Bana kitambaa kwenye fremu ya duara hadi kikipigwa kilie kama ngoma. Kata uzi wa mkono mmoja, usizidishe, utachakaa ukipita. Ugawe, utumie nyuzi mbili kati ya sita. Usifunge kifundo, acha mkia nyuma na uushonee juu.

Kwanza zungushia petali kwa mshono mdogo wa mstari. Mstari huo utafunikwa, lakini ndio utakaonyoosha ukingo. Kisha anzia katikati ya petali: sindano itoke ukingo wa nje, izame upande wa ndani. Rudi nje, weka uzi unaofuata ubavuni mwa wa kwanza, usiupande. Maliza nusu moja, ndipo urudi katikati ufanye ya pili. Ukianzia pembeni, mshono utalala upande bila wewe kujua.

Nyuzi zote zielekee kwenye kiini cha waridi. Mwanga hucheza juu yake kwa sababu ya mwelekeo huo, na usipoufuata utapata doa jekundu, si ua. Mshono usizidi sentimita moja, la sivyo utalegea na kunasa kwenye bangili. Petali ikiwa kubwa, igawe: nyekundu nje, pinki ndani. Kiini kiwe njano.

Ukivuta uzi kwa nguvu, kaniki itajikunja. Ulaze tu.

Majani ni rahisi: anzia mshipa wa kati, shona kimshazari kila upande.

5. Kumalizia

Futa sabuni kwa kitambaa chenye unyevu. Laza kazi kifudifudi juu ya taulo nene, upige pasi kwa nyuma. Ukiipiga mbele utalilaza waridi lote. Ikichafuka, ifue kwa maji baridi, uigeuze ndani nje, uianike kivulini.