Somo: Mchezo wa kurushiana salamu, darasa la pili na la tatu

Walimu, habari za kazi. Huku Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapochepuka, madarasa yamechanganyika kwelikweli: mtoto wa Rungwe anakaa dawati moja na wa Makete, na nyuma yao yupo wa wafugaji Wasukuma aliyehamia kutoka Usangu. Sisi tunawakaririsha majina ya makabila ubaoni, basi. Jaribuni hivi.

1. Siku moja kabla, waagize wakaulize nyumbani: bibi akikutana na jirani asubuhi, anasemaje, na jirani anajibuje? Sisitiza jibu, wengi hulisahau. Usiulize "wewe kabila gani?" Swali hilo linamkwamisha mtoto ambaye baba ni Mhehe, mama Mnyakyusa, na analelewa na shangazi anayeongea Kiswahili tu.

2. Tengenezeni mpira wa matambara, mtoke nje. Duara moja lisizidi watoto kumi na tano. Darasa likiwa kubwa, gawa makundi, viranja wasimamie.

3. Anayerusha anasalimia, anayedaka anaitikia. "Kamwene!" "Kamwene!" ya Wahehe na Wabena. Halafu "Ugonile!" ya Wanyakyusa, halafu "Mwangaluka!" ya Wasukuma. Asiyejua kuitikia hatolewi. Anamuuliza mwenye salamu, duara zima linarudia mara mbili, mpira unaendelea. Hapo msilegeze, maana mkianza kutoana, mwenye lugha ya peke yake atakosesha wenzake wote kisha atachukiwa. Na mtoto akichuchumaa au kupiga makofi taratibu kabla ya kutamka, simamisha mpira, wote wafanye kama yeye. Mara nyingi heshima yote ya salamu iko hapo, kuliko kwenye neno lenyewe.

4. Muda ukibaki, leta mfuko: ulezi, mchele wa Kyela, kigae cha chungu cha Wakisi. Mtoto anapapasa bila kuchungulia, anataja, kisha anayekijua anasimulia kwao kinatumikaje. (Ukiweka kipande cha mwanzi, wa Iringa au Njombe atataja ulanzi, pombe ya mwanzi. Cheka, endelea.)

MASWALI

Mkuu wangu hataki lugha za makabila shuleni. Nitamwambiaje?
Maelekezo, maswali na masimulizi yote ni kwa Kiswahili, kinachotoka nyumbani ni salamu tu. Mwalike naye aje adake mpira.

Mwalimu, hatuchochei ukabila hapa?
Wasiwasi wako una msingi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967, na ndiyo maana nimeanzia kwa bibi na jirani. Ninachokiogopa zaidi ni utani wa mwalimu. Wahehe na Wangoni wanataniana hadi msibani, lakini wale ni watu wazima, wanajua pa kuishia. Mtoto wa miaka minane akichekwa na mwalimu, darasa zima litamcheka mpaka muhula uishe.

Niko Mufindi, darasa zima ni "Kamwene" tu.
Hebu chunguza vizuri. Chai na msitu wa Sao Hill vimeleta watu wengi huko. Uliza nani babu yake alifuata kazi. Ukikosa kabisa, muombe mwalimu mwenzako mgeni aingie kwenye duara.

Mpira wa dukani unafaa?
Unafaa, ila unadunda mno na watoto wataukimbiza hadi barabarani. Wa matambara unatulia ulipoangukia.