Kupiga Hesabu ya Bei za Hisa Zenye Sehemu kwa Kikokotoo

Wanafunzi wa uhasibu ninaowafundisha hapa Mtwara mjini hukutana, katika vitabu vya zamani vya masoko ya mitaji, na bei kama 45 7/8, na wengi hukwama papo hapo. Hadi mwaka 2001 hisa za New York ziliuzwa kwa dola na sehemu zake, yaani thumni, na kuanzia mwaka 1997 hata sehemu ya kumi na sita. Neno thumni ni letu pia: wazee wa pwani walioiita hivyo sarafu ya senti hamsini walikuwa wakitaja sehemu ya nane.

Hatua ya kwanza ni kukijua kikokotoo chako. Kile cha kawaida, kilichozoeleka madukani na kwenye maghala ya korosho, hufanya kila tendo kwa mfuatano unavyobonyeza, ilhali kile cha kisayansi cha wanafunzi huzidisha kabla ya kujumlisha. Kama chako ni cha mezani chenye swichi ya desimali, iweke kwenye F ili kisikate tarakimu.

Hatua ya pili, anza na sehemu, kisha dola. Kwa hisa 200 za bei ya 45 7/8, bonyeza 7 ÷ 8 + 45 × 200 =, nawe utapata 9,175. Kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu, kikitangulia, huhitaji karatasi wala kumbukumbu. Kikokotoo cha kisayansi kitakupa 9,000.875 kwa vitufe hivyo hivyo, kwa sababu kimezidisha 45 kwa 200 kwanza; hapo ni lazima ubonyeze = baada ya 45, ndipo uzidishe. Kosa hili ndilo ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote, na nasisitiza lieleweke vizuri kabla ya kuendelea.

Usikadirie mapema. Ukiandika 0.88 badala ya 0.875, jumla inakuwa 9,176, na kwa hisa 10,000 tofauti inafika dola 50.

Hatua ya tatu ni faida. Futa kumbukumbu, piga hesabu ya ununuzi hadi 9,175, kisha bonyeza M−, kitufe cha kutoa kwenye kumbukumbu. Hisa hizo zikiuzwa kwa 47 1/16, bonyeza 1 ÷ 16 + 47 × 200 =, upate 9,412.5, kisha M+, cha kujumlisha kwenye kumbukumbu. Ukiita kumbukumbu kwa MR, itaonyesha 237.5, ambayo ni faida kabla ya ada ya dalali.

Njia hii inafaa hata leo kwa hati fungani za serikali ya Marekani, ambazo bei yake hutajwa kwa sehemu ya thelathini na mbili. Bei ya 99-16 husomwa 16 ÷ 32 + 99, yaani asilimia 99.5 ya thamani iliyoandikwa kwenye hati. Hati ya dola 1,000 inauzwa dola 995. Anayekigeuza kistari hicho kuwa nukta atapata dola 991.60, pungufu ya dola 3.40 kwa kila hati.