Jinsi ya kulirudia gitaa baada ya kufiwa na aliyekufundisha

Baba alinifundisha gitaa kwa kuweka vidole vyake juu ya vyangu. Nilikuwa na miaka 7. Alipofariki nilikuwa nimeshapata riziki jukwaani kwa miaka 11, na kwa miezi 14 baada ya mazishi sikuligusa gitaa lake wala langu. Kazi zilikuja, nikazikataa. Walionipenda waliniambia nipige tu, muziki utanituliza. Haukunituliza, kwa sababu kila nilipobana nyuzi niliuona mkono wake. Haya nayaandika kwa mwanamuziki mwenzangu aliye katika hali hiyo leo, kwa mpangilio ulionifaa mimi baada ya kuukosea mara kadhaa.

Usianze na wimbo. Anza na chombo chenyewe, kama fundi. Nilipolitoa gitaa la Baba kwenye kasha lake, nyuzi zilikuwa zimefifia, na kati ya freti (vile vijichuma vya shingoni) ya pili na ya tatu mbao ilikuwa imechimbika kwa vidole vyake kiasi kwamba ncha ya kucha yangu ilizama. Nililia pale pale huku nikifuta vumbi. Ukiwa na kitambaa mkononi unaweza kulia na kazi ikaendelea. Ukiwa katikati ya ubeti huwezi. Badilisha nyuzi moja baada ya nyingine, usizifungue zote sita kwa mkupuo, ili shingo isiachiwe ghafla mvuto iliouzoea. Kama nyuzi ni za nailoni, zitachukua siku kadhaa kutulia, kwa hiyo itakubidi ulishike gitaa kila siku kulityuni upya. Hicho ndicho kilichonirudisha. Hakuna aliyenitaka nipige. Nilikuwa nakaza nyuzi tu. Liweke mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, kwa maana mbao ikikauka kupita kiasi hupasuka.

Baada ya hapo piga mazoezi yasiyo na kumbukumbu: skeli, yaani kupanda na kushuka noti kwa mfululizo, na zoezi la kutembeza kidole kimoja kimoja. Dakika 10 kwa kutazama saa, kisha uache, hata kama siku hiyo unajisikia vizuri. Mimi nilifanya hivyo majuma sita.

Kanda ndizo ngumu. Baba aliacha kanda za kaseti 23, nyingi za dakika 60, alizojirekodi mwenyewe akiwa peke yake. Kabla hujaingiza kanda yoyote kwenye mashine, vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wake wa nyuma. Vikishatoka, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Nasema hivi kwa uchungu. Dada yangu alibonyeza kitufe kisicho chake, tukapoteza sekunde 9 za Baba akikohoa na kuvuta kiti. Ipeleke kanda mbele hadi mwisho kisha uirudishe mwanzo, ili utepe uliojikaza uachane, ndipo uicheze. Ihifadhi kwenye kompyuta kama faili la WAV, usitumie MP3, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti na ukishaitupa huirudishi. Kanda ya dakika 60 itakula dakika 60 zako, hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo usifanye zaidi ya moja kwa siku, na usiwe peke yako kwa ile ya kwanza.

Angalia pia mwendo wa mashine. Kwa siku nyingi niliamini kwamba Baba ujanani alikuwa na sauti nyembamba kuliko niliyoijua. Kumbe alikuwa na mazoea ya kugonga uma wa kutyuni kabla ya kuanza, na uma huo hutoa sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde. Nilipoupima mlio wake kwenye kanda, ulikuwa juu karibu nusu toni. Mashine ilikuwa inakimbia. Nikaishusha kwa programu, kama asilimia 6, na ghafla akawa yeye mwenyewe, na kile kifua chake kipana. Ilinibidi nitoke nje kidogo.

Na unaposafisha rekodi, ondoa mvumo wa mashine ukipenda, lakini usikate kikohozi, wala mlango unaofungwa, wala ile pumzi ya kabla ya kuimba. Nyimbo zenyewe pengine unazijua kwa moyo tayari. Hivyo vingine hujui.

Kuhusu kutunga wimbo wa msiba wako mwenyewe, nitasema machache. Mtunzi wa Kicheki Antonín Dvořák alifiwa na binti mchanga mwaka 1875, na mwaka uliofuata akaanza rasimu ya Stabat Mater, utungo wa kwaya juu ya uchungu wa Maria chini ya msalaba, kisha akaiweka kando. Mwaka 1877 wakafa watoto wake wengine wawili. Hapo ndipo alipoirudia, akaimaliza kabla ya mwaka kwisha. Namtaja kwa sababu ya ile rasimu iliyolala. Andika mistari miwili, itie tarehe, ifungie. Usijilazimishe kuimaliza kwa kuwa tu una uchungu.

Kuimba ni habari nyingine. Koo hukaza unapozuia kilio, na noti za juu ndizo hufa kwanza. Shusha ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti yake, toni moja nzima, hata kama yeye aliuimba juu. Yasome maneno kwa sauti ya kawaida mara nyingi, hadi yaweze kupita mdomoni bila kukushtua. Kabla ya ubeti unaokuvunja, toa pumzi yote nje kwanza, ndipo uvute mpya. Mimi hutazama mkono wa kushoto wakati huo, siwatazami watu. Na wimbo wake usiuweke wa kwanza wala wa mwisho katika onyesho. Uweke wa tatu au wa nne, sauti ikiwa imepata moto, na nyuma yake uwe wimbo mwepesi ambao mikono yako inaujua bila kukuuliza.

Kabla ya hayo yote, kaa na familia. Nyimbo alizozitunga marehemu si zako peke yako kwa kuwa wewe ndiye mpigaji. Haki ya mtunzi hupita kwa warithi, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo chake; nchi nyingi zimefika 70. Andikeni nani ana fungu gani na nani anaruhusu kitu kitolewe hadharani, mtie sahihi. Sisi tulikuwa watatu pamoja na Mama, na tulizozana jioni nzima juu ya wimbo mmoja ambao dada yangu alisema alitungiwa yeye. Alikuwa sahihi, jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kanda. Wimbo huo siupigi bila kumwuliza.

Usiku nilipoupiga wimbo wa Baba jukwaani kwa mara ya kwanza, niliteremka nikidhani nimefaulu. Watu walikuwa wamenyamaza kabisa. Mama akanishika mkono akasema, "Umeimba vizuri, mwanangu, lakini baba yako hakuuimba polepole hivyo. Ule ulikuwa wa kuchezea." Niliporudi nyumbani nilichukua ile rekodi niliyokwisha kuisahihisha, nikapima. Yeye alikuwa kwenye mapigo 96 kwa dakika. Rekodi yangu ya usiku ule ilikuwa kwenye 78, na sikuwa nimeisikia tofauti hata kidogo. Pima na wewe, kwa sababu huzuni huvuta mwendo chini bila mpigaji kujua. Siku hizi nawasha metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, kwenye 96 nyuma ya jukwaa, naisikiliza dakika nzima huku nikigonga paja, ndipo natoka.