Kufunga Mizigo ya Kambi kwenye Pikipiki ya Matairi Manne kwa Safari za Milima ya Mbeya

Pikipiki ya matairi manne ikisimama uani huonekana imara kiasi kwamba watu wengi huipakia kana kwamba ni kirikuu. Ukweli wake hujitokeza ukishafika Isyonje, ukaiacha lami ya Tukuyu na kukunja kushoto kuelekea nyanda za Kitulo, mahali ambapo njia hupanda, hushuka na kuinama upande katika udongo wa majivu ya volkano ambao mvua ya saa moja tu huugeuza kuwa sabuni. Mzigo uliotulia vizuri nyumbani huko hupata tabia nyingine. Kwa hiyo katika maelezo haya nitapima kila kitu kwa mlima, wala si kwa uwanja wa tambarare.

Kabla ya kamba huja mizani. Mashine nyingi za aina hii huwa na kibandiko kwenye kila keria kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa, na keria ya mbele kwa kawaida hubeba karibu nusu ya ile ya nyuma. Kilo 30 mbele na kilo 60 nyuma ni vipimo vya kawaida kwa mashine ya wastani, lakini ufuate kibandiko cha mashine yako. Kipo pia kikomo cha jumla kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na hicho humhesabu dereva pamoja na nguo na buti zake. Maji ndiyo huwadanganya watu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu dumu la lita 20 ni kilo 20 kamili, yaani theluthi moja ya keria ya nyuma imekwisha kabla hujaweka hema, mablanketi, unga na sufuria. Petroli ni nyepesi kidogo, kwani lita 10 zina uzito wa takriban kilo saba na nusu. Binafsi hubeba maji ya kutosha nusu ya siku, kisha huchota njiani na kuyachemsha, maana nyanda hizi hazina uhaba wa vijito.

Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya mashine; vyepesi ndivyo vikae juu au viende pembezoni. Maji, vyakula vya kopo na vifaa vya ufundi vilale moja kwa moja juu ya vyuma vya keria, vikisukumwa kuelekea kwenye kiti, na hema na mablanketi yawekwe juu yake. Sababu yake inaeleweka ukiwa mlimani: unapopanda, uzito wote huegemea nyuma, na kama mzigo umening'inia nyuma ya ekseli, matairi ya mbele hupoteza mkazo na usukani hauitikii tena. Unapokatiza mteremko kwa ubavu, mzigo mrefu huivuta mashine upande wa bonde. Keria ya mbele nayo isirundikwe mpaka ikafunika taa au kukuzuia kuona tairi linakokanyaga, na chochote kinachofungwa pale kipimwe kwa kugeuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, ili kuhakikisha kwamba hakuna kamba wala mfuko unaonasa.

Somo la uzito wa nyuma nililipata kwa aibu. Nilikuwa nimeshapakia kila kitu sawasawa, kisha njiani nikaona viazi mviringo vizuri kwa bei nzuri, nikanunua kiroba kizima na kukifunga juu ya hema, nyuma kabisa. Katika mwinuko wa tatu niliuhisi usukani ukiwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, nikasimama, nikashuka, na kabla sijafungua kamba kiroba kilichomoka chenyewe na viazi vikaanza safari ya kurudi bondeni. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia jirani na njia aliitikia shikamoo yangu, akavitazama vikibiringika, kisha akauliza, “Mwanangu, umekuja kuvipanda tena?” Tangu siku hiyo sinunui kitu njiani ambacho sikukiachia nafasi.

Kuhusu kufunga, wenzetu wa bodaboda wana utaalamu ambao hauna haja ya kudharauliwa: vipande vya tyubu chakavu la lori vilivyokatwa kwa upana wa vidole viwili. Hata hivyo, vina kazi yao maalumu. Mpira hunyumbuka, na kitu kizito kilichoshikwa na mpira peke yake hurukaruka kila mashine inapopita shimo, mpaka kikajitengenezea upenyo. Kwa hiyo mzigo mzito ushikwe kwa mkanda usionyumbuka, ule wenye kifungo cha chuma chenye meno unaotumiwa na madereva wa malori, au kwa kamba ya manila iliyokazwa vizuri. Mpira ufuate baadaye kwa kubana turubai na vitu vyepesi. Mikanda miwili ipite kwa mshazari, kila mmoja ukianzia kona moja ya keria na kuishia kona ya pili iliyo mkabala, ikikatana juu ya mzigo. Mpira uvutwe hadi upana wake upungue karibu nusu, uzungushwe mara tatu au nne, kisha ncha yake ichomekwe chini ya mzunguko wa mwisho badala ya kupigwa fundo, kwa sababu fundo la mpira lililoloa tope halifunguki bila kisu. Mikia yote ya mikanda ifichwe, maana mkanda unaopepea ukiingia kwenye tairi unaweza kulifunga gurudumu.

Ukimaliza, ushike mzigo kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu. Mashine nzima ikiyumba pamoja nao, kazi imekwisha. Mzigo ukitangulia kuyumba, fungua uanze upya. Kisha endesha kilomita mbili au tatu, usimame na kukaza tena, kwa kuwa mablanketi na magunia hujishindilia yanapotikiswa na kamba hubaki zimelegea.

Mafuta ya akiba yanahitaji uangalifu wa peke yake. Dumu lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya keria, na liachiwe nafasi, kwa sababu jiji la Mbeya lipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na Kitulo ni takriban mita 2,600, na dumu lililofungwa kabisa hufura kadiri unavyopanda. Lifungue taratibu unapofika. Likae mbali na chakula na mbali zaidi na ekzosi, ambayo pia haipaswi kuguswa na turubai wala mfuko. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyasi zimekauka, na majani yanayokusanyika karibu na ekzosi yanaweza kushika moto. Yaondoe kila unaposimama, hasa ukipita kwenye misitu ya misonobari kama ya Sao Hill kule Mufindi.

Tela dogo linasaidia kwenye njia pana, mradi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake ikae kwenye shingo linalounganishwa na mashine. Kwenye vijia vyembamba liache nyumbani.

Ukiwa umebeba mzigo, panda na ushuke kwa gia ndogo, anza kupunguza mwendo mapema kuliko ulivyozoea, na usikubali abiria kama kiti ni cha mtu mmoja. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo hairuhusiwi kuendesha nje ya njia, kwa hiyo uliza langoni kabla ya kuingiza chombo, na uwe na begi la mgongoni la kuhamishia vitu utakavyobeba kwa miguu. Hata Ziwa Ngosi hufikiwa kwa kupanda msituni kwa miguu. Begi hilo lifungwe la mwisho, juu kabisa, pamoja na koti la mvua, ili usilazimike kufungua mikanda yote huku wingu la milima ya Uporoto likikushukia.