Bunduki ya kale ya ukoo ikiibiwa: njia tuliyopita sisi

Shangazi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. "Mama Zuhura, bunduki ya babu yenu haipo." Ilikuwa siku ya nne tangu tumzike baba, nyumba yetu ya Kondoa bado imejaa watu wa matanga, na sanduku la chuma alimokuwa akiifungia lilikuwa wazi, kufuli limekatwa. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye ukoo wake una silaha ya namna hiyo, maana sisi tulianza vibaya na tukapoteza wiki tatu.

Tulinyamaza. Leseni ilikuwa kwa jina la baba, na baba keshafariki. Baba mdogo akasema tukienda polisi tutaulizwa kwa nini hatujaikabidhi, afadhali tuitafute kimyakimya. Hofu hiyo naielewa, lakini usiifuate. Silaha ikitumika kwenye ujangili au ujambazi, anayetafutwa kwanza ni yule ambaye jina lake liko kwenye leseni, na familia yake. Nenda siku ile ile. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji aje alione kufuli kabla hamjafagia chumba, kisha nendeni kituoni na leseni, cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo kama mmeshamteua msimamizi wa mirathi. Mwelezeni afande yote, hata lile linalowaaibisha. Msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi.

Kazi kubwa iko kwenye maelezo ya silaha yenyewe. Nilipoulizwa ikoje nilijibu, "Ni bunduki ya zamani ya Mjerumani." Mpelelezi akaweka kalamu chini, akasubiri. Sikuwa na la kuongeza, na nilijisikia vibaya, kwa sababu nimeiona tangu utotoni.

Ilibidi nirudi nyumbani nikafukue makaratasi ya baba. Ndani ya daftari la stakabadhi za leseni alikuwa ameandika kila kitu kwa mkono wake. Ni Mauser ya modeli ya 1871, ya risasi za milimita 11 na baruti nyeusi, inayopiga moja moja, aina waliyobebeshwa askari wa Kijerumani huku kwetu. Babu alikuwa akisimulia kwamba iliokotwa Aprili 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza waliopigana na Wajerumani, yalipoingia Kondoa. Namba ya usajili ya polisi, ile inayoanza na TZ CAR, ilikuwepo pia, lakini mwizi huisugua kwa tupa. Asichokijua ni kwamba bunduki hizi ziligongwa namba kiwandani, na tarakimu zake mbili za mwisho zikarudiwa kwenye vipande vidogo, hata kwenye vichwa vya skrubu. Yetu ni 46. Baba alizichora kwenye daftari, nne imeinama kidogo kushoto.

Kisha andika makovu. Kitako cha bunduki yetu kilipasuka shingoni miaka mingi iliyopita, babu akakifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, akaishona ikiwa bado na maji. Ngozi ilipokauka ikabana kama pete. Mshono una matundu kumi na moja, na la mwisho limechanika. Kiwanda hakina bunduki nyingine yenye mshono huo. Kama yako bado ipo nyumbani, piga picha leo: pande zote mbili, kila alama kwa karibu, rula pembeni, na picha zikae kwa watu wawili tofauti.

Baada ya hapo jiulize nani ataitaka. Risasi zake hazipatikani dukani, kwa hiyo jambazi wa kawaida haina faida kwake. Wanaoitaka ni fundi wa magobore anayetaka mtutu, mnunuzi wa vyuma chakavu, na mpenzi wa vitu vya kale mwenye fedha za kigeni. Mpe mpelelezi maeneo yao, usiende kupekua mwenyewe. Ukihisi inavushwa mpaka, mwombe taarifa zipelekwe Interpol, polisi wa kimataifa, ambao wana kanzidata ya silaha zilizoibwa iitwayo iARMS. Polisi ndio wanaoingiza taarifa humo, na bila namba za kiwandani watakuwa na kidogo sana cha kuingiza.

Baba mdogo alipigiwa simu usiku na mtu aliyetaka laki tatu, wakutane stendi. Alishaanza kuhesabu fedha. Usilipe! Unamlipa mwizi, na ukikamatwa njiani na silaha isiyo na leseni yako, kesi inakuwa yako. Tulikabidhi namba yake ya simu kituoni asubuhi.

Ilipatikana mwezi wa tatu, juu ya mizani ya vyuma chakavu. Ukiitwa kutambua, taja alama kabla hujaonyeshwa, na usiguse mpaka uruhusiwe. Nilisema ngozi, matundu kumi na moja, 46. Wakafunua gunia. Kitako kilikuwa kimekatwa kwa msumeno chini ya mshono, TZ CAR imesuguliwa, lakini ngozi ya babu ilikuwa bado imebana, na kwenye skrubu 46 ilisomeka. Nililia mbele ya maafande.

Usitarajie kuondoka nayo. Ni kielelezo, inakaa polisi hadi kesi iishe na mahakama itoe amri irudishwe kwa nani. Wakati mnasubiri, maliza mirathi, na anayetaka kuirithi aombe leseni yake mwenyewe. Leseni ya marehemu hairithiwi.

Yetu bado iko huko, bila bolti, kile kipande kinachosukuma risasi mtutuni na kuufunga. Bolti hiyo ni chuma cha duara chenye mpini ulionyooka na kifundo mwishoni, tarakimu 46. Ukiiona kwa fundi au kwenye vyuma, Kondoa, Babati au Singida, usininunulie. Peleka taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, uwaambie kuna kesi Kondoa.